Simiko la Sauti

Simiko la sauti ni kazi ya sanaa ambayo ndani yake sauti huwekwa mahali maalumu na kukaa hapo kama sanamu, na msikilizaji akaiendea kwa wakati wake. Hakuna jukwaa, tiketi ya saa mbili usiku wala wimbo wa kufungia. Muziki hupangwa kwa wakati: una mwanzo, kati na mwisho. Simiko hupangwa kwa nafasi, yaani kinachosikika hapa na kinachosikika hatua tatu mbele, na kinachoamua mfuatano ni miguu ya msikilizaji.

Dhana hii ilipewa jina na Max Neuhaus, Mmarekani aliyekuwa mpigaji hodari wa ala za kugonga kabla ya kuziacha kumbi za muziki. Mwaka 1967, mjini Buffalo, alipanga mitambo midogo ya kurushia mawimbi ya redio kandokando ya barabara ya Lincoln Parkway. Dereva aliyewasha redio ya gari lake alisikia sauti zikibadilika kadiri alivyosonga. Mwenye mwendo wa kasi na mwenye mwendo wa pole hawakusikia kitu kimoja, wala aliyekwenda hakusikia sawa na aliyerudi.

Kazi yake mashuhuri zaidi iko New York, katika Times Square. Mwaka 1977 aliweka mitambo chini ya wavu wa chuma wa kupitishia hewa ya reli ya chini ya ardhi, katikati ya barabara zenye msongamano mkubwa. Kutoka humo hupanda mvumo mzito unaofanana na mlio wa kengele kubwa baada ya kugongwa. Hakuna kibao kinachoeleza, kwa kuwa Neuhaus alitaka mpita njia aigundue sauti mwenyewe. Ilizimwa mwaka 1992, ikarudishwa mwaka 2002, na husikika mchana na usiku.

Kwa Kiswahili, dhana hii ilikuwa na vitenzi vitatu vya kuchagua. Mafundi wa muziki husema “kufunga spika”, na ndilo neno lililo hai zaidi mitaani, lakini nomino yake, ufungaji, humpeleka msomaji kwenye mlango uliofungwa au kwenye saumu. “Kusakinisha” kumeshikwa na watu wa kompyuta, na anayelisikia huwazia programu. “Kusimika” ndiko kunakofaa. Hutumika kwa nguzo na mitambo, na pia kwa chifu au askofu anapokabidhiwa kiti chake. Kote humo kitu kinapewa mahali pake, na mahali hapo panabadilika kwa kuwepo kwake. Kama kuandika kunavyozaa andiko na kufunika kunavyozaa funiko, kusimika kunazaa simiko, wingi masimiko. Usimikaji ni tendo, simiko ni kazi yenyewe. Tofauti hiyo ni muhimu, kwa sababu anayeandika habari za maonesho huhitaji maneno yote mawili.

Mfano wa simiko la sauti ulio wazi kuliko yote ni kazi ya Janet Cardiff wa Kanada ya mwaka 2001. Aliuchukua utunzi wa kwaya wa Thomas Tallis wa karne ya 16, wenye sauti 40 zinazojitegemea, akamrekodi kila mwimbaji kwa maikrofoni yake. Katika ukumbi husimamishwa spika 40 katika umbo la yai. Anayesimama katikati huzingirwa na kwaya nzima. Anayesogeza sikio kwenye spika moja humsikia mtu mmoja, pumzi zake na namna anavyoingia kwenye zamu yake. Kabla ya uimbaji kuanza upya husikika waimbaji wakikohoa na kupiga soga. Hakuna kiti cha ukumbi wa tamasha kinachoweza kumpa msikilizaji hayo.

Masimiko mengi hugusa zaidi ya mlango mmoja wa fahamu. Christina Kubisch wa Ujerumani huwapa watu hedifoni zenye koili zinazogeuza nguvu za sumaku-umeme kuwa sauti. Mbele ya mashine ya kutolea pesa au taa za tangazo, msikilizaji huona kitu kimya na kusikia kikinguruma. Emeka Ogboh wa Nigeria alirekodi shughuli za soko la Balogun, Lagos, akazirudisha kupitia spika zilizofungwa kwenye sinia za bati lenye rangi kama zile za wachuuzi. Kwa kazi za namna hii, “simiko la milango mingi ya fahamu” ni jina refu lakini linaeleweka mara moja.

Simiko lisichanganywe na sanaa ya sauti, ambayo ni jina la uwanja mzima. Msanii kutoka Nairobi, Joseph Kamaru, anayejulikana kama KMRU, hurekodi sauti za mazingira na kuzitunga upya. Albamu yake ya mwaka 2022, Temporary Stored, ilitumia rekodi za kumbukumbu za makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Hiyo ni sanaa ya sauti, lakini si simiko, kwa kuwa albamu husikilizwa popote. Ni pale tu sauti inapokuwa na makao yake ndipo jina la simiko linaistahili.