Odesa: Jumba la opera lililostahimili moto, kuzama na vita

MJI wa Odesa, ulioko kusini mwa Ukraine kwenye ufuko wa Bahari Nyeusi, ulianzishwa mwaka 1794. Mwaka 1810, kabla haujatimiza hata miaka 20, ulikwisha kupata jumba lake la opera.

Miongoni mwa waliohudhuria maonyesho katika jumba hilo la kwanza ni mshairi maarufu Alexander Pushkin, aliyeishi mjini humo kati ya mwaka 1823 na 1824. Pushkin alikuwa na damu ya Kiafrika, kwani babu wa mama yake, Abram Gannibal, alitoka Afrika na kufikishwa Urusi akiwa mtoto.

Jumba hilo liliteketea kwa moto mwaka 1873. Kazi ya kujenga jipya ilikabidhiwa kwa wasanifu wawili wa Vienna, Ferdinand Fellner na Hermann Helmer, ambao walibuni kumbi nyingi za maonyesho katika miji ya Ulaya.

Ujenzi ulianza mwaka 1884, miaka mitatu tu baada ya moto katika ukumbi wa Ringtheater wa Vienna kuua mamia ya watu. Kwa sababu hiyo, usalama ulipewa uzito wa pekee, na jumba likawekewa milango mingi ya kutokea. Lilifunguliwa rasmi Oktoba 1, 1887, likimulikwa kwa taa za umeme wakati ambapo kumbi nyingi zilikuwa bado zikitumia gesi.

Ndani ya ukumbi

Mgeni anayeingia hukutana kwanza na ngazi pana zilizonakshiwa kwa dhahabu. Ukumbi wenyewe una umbo la kwato la farasi, na roshani zake zimepangwa tabaka juu ya tabaka kuuzunguka. Juu ya dari kuna michoro ya matukio kutoka tamthilia za Shakespeare, ikiwamo Hamlet, na katikati yake inaning'inia taa kubwa ya vioo.

Ukumbi huo unasifika kwa namna unavyosafirisha sauti. Mwimbaji wa opera hatumii kipaza sauti, hivyo kuta, dari na roshani ndizo zinazoifikisha sauti yake kwa mtazamaji wa kiti cha nyuma kabisa. Mwimbaji Feodor Chaliapin na mcheza baleti Anna Pavlova ni miongoni mwa wasanii waliolipanda jukwaa hilo.

Adui aliyefichika

Moto ulirejea mwaka 1925 na kuharibu jukwaa, lakini tishio kubwa zaidi lilikuwa chini ya msingi. Jumba limesimama juu ya udongo laini ambao hudidimia unapolowa maji. Ukuta mmoja ulishuka kuliko mwingine na nyufa zikajitokeza.

Katika miaka ya 1950 wahandisi walidunga ardhini kemikali ya silikati ya sodiamu, ambayo hugandisha udongo na kuufanya mgumu. Dawa hiyo haikumaliza tatizo. Ukarabati mkubwa ulioanza mwaka 1996 ulihusisha kuimarisha msingi upya, na jumba likafunguliwa tena mwaka 2007.

Ving'ora vya vita

Februari 24, 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, maonyesho yalisimama. Wakazi walijaza mifuko ya mchanga na kuipanga barabarani kulikinga jumba lao.

Juni 17 mwaka huohuo milango ilifunguliwa tena, kwa sharti moja zito: idadi ya watazamaji isizidi ile inayoweza kuingia katika mahali pa kujificha. King'ora kikilia, wasanii na watazamaji hulazimika kuacha onyesho na kwenda kujihifadhi.

Januari 2023, Shirika la Elimu, Sayansi na Utamaduni la Umoja wa Mataifa (UNESCO) liliiingiza sehemu ya kihistoria ya mji huo katika orodha ya Urithi wa Dunia, na papo hapo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Miezi sita baadaye, kombora liliharibu vibaya Kanisa Kuu la mji huo.

Kwa anayekusudia kuzuru

Jambo la kwanza ni kupata ushauri wa usalama kutoka serikali ya nchi yake, na kujua mapema njia ya kuelekea mahali pa kujihifadhi. Hali ya mji ikiruhusu, ni vyema kufika mapema ili kupata nafasi ya kutazama nakshi kabla taa hazijazimwa. Mavazi ya heshima yanatarajiwa, na anayechelewa huweza kusubiri nje hadi mapumziko.

Umbali mfupi kutoka hapo zipo Ngazi za Potemkin, zenye vidato 192, zinazoteremka kuelekea bandarini.