Utetezi wa Maradhi ya Akili

Utetezi wa maradhi ya akili ni hoja ya kisheria inayomwondolea mshtakiwa dhima ya jinai kwa sababu ya ugonjwa uliomwathiri akili alipotenda kitendo. Tanzania Bara inautambua katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kifungu cha 12 kinamchukulia kila mtu kuwa na akili timamu hadi ithibitishwe vinginevyo. Kifungu cha 13 kinamwondolea dhima aliyeshindwa kuelewa anachofanya, kujua kwamba hakupaswa kukifanya, au kujizuia. Msingi wake ni kanuni za M'Naghten za Uingereza, za mwaka 1843.

Ugonjwa pekee hautoshi. Kifafa, kwa mfano, hakimwondolei mtu dhima kama hakikumletea hali hizo wakati wa tendo. Mzigo wa kuthibitisha ni wa mshtakiwa, kwa mizania ya uwezekano. Mahakama hupima mwenendo wake kabla na baada ya tukio: je, alificha panga, alikimbia, au alibaki pale pale akiongea peke yake?

Kesi ya mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu, ambayo inaweza kuagiza mshtakiwa apimwe akili, kwa kawaida katika Taasisi ya Isanga, Dodoma. Utetezi ukikubaliwa, mshtakiwa hutamkwa hana hatia kwa sababu ya wendawazimu, lakini haachiwi papo hapo. Huamriwa ashikiliwe mahali panapofaa.