"Damu Bandia" au Chembe za Kuoteshwa?

Istilahi mbaya yaweza kuizuia tiba njema isimfikie mgonjwa. Hatari hiyo imo katika jina linalokuja upesi kinywani tunapotaja chembe nyekundu za damu zinazokuzwa maabara, yaani "damu bandia".

Mwaka 1901 Karl Landsteiner wa Vienna alieleza makundi ya damu, ikajulikana kwa nini damu ya mtu mmoja huweza kumdhuru mwingine. Kiswahili kilipoipokea tiba hiyo hakikuhitaji neno geni. "Kuongezewa damu" kulitosha. Vivyo hivyo, Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulipoanzishwa nchini mwaka 2004, neno la kawaida, "salama", lilibebeshwa maana ya kitaalamu: damu iliyokwisha kupimwa magonjwa.

Mwaka 2011 Luc Douay na wenzake wa Paris walitangaza kwamba walimrudishia mtu chembe nyekundu zilizokuzwa kutokana na seli zake mwenyewe. Novemba 2022 wataalamu wa Bristol na Cambridge walitangaza hatua nyingine: watu walitiwa chembe zilizotokana na damu ya watoaji wengine. Kiasi kilikuwa kijiko kimoja au viwili vya chai. Seli shina zipatazo nusu milioni huzaa chembe bilioni 50 kwa muda wa wiki tatu hivi.

Hapa ndipo neno "bandia" linapopotosha. Bandia ni mwanasesere; noti bandia ni ya kughushi. Ilhali chembe hizi ni za kweli, na asili yake ni binadamu. Mama wa Busunzu, wilayani Kibondo, ambaye mtoto wake amepungukiwa damu kwa malaria, akiambiwa mwanawe atatiwa "damu bandia", atakuwa na sababu ya kukataa. Walakini mama huyo anajua maana ya kuotesha miche: mbegu hutoka katika mmea halisi, kitalu huitunza tu. Kwa hiyo twapendekeza "chembe nyekundu za kuoteshwa".

Tiba hiyo ingali ya majaribio, na mtoto wa Busunzu angali anategemea damu ya jirani. Jina tulipendekezalo halimfichi jirani huyo, kwa kuwa pasipo mtoaji hapana mbegu. Yafaa basi jina litengenezwe sasa, kabla kosa halijazoeleka.