Njia za Miguu za Nairobi Magharibi

Mwaka 1883 msafara wa Mskoti Joseph Thomson, ulioanza safari Mombasa na njiani ukafuatana na ule wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani, ulifika Ngongo Bagas, ukingoni mwa msitu ulio chini ya vilima vya Ngong. Wapagazi walitua mizigo yao, kila mmoja akiwa amebeba karibu kilo 30 tangu kuiacha bahari. Hapo ndipo misafara ya pwani ilipojaza chakula. Wakikuyu walileta maharagwe, viazi vitamu na nafaka, wakapewa shanga, vitambaa na nyuzi za shaba, kisha wapagazi wakaingia Umasaini kuelekea maziwa ya bara. Ramani za wakati huo hazikuwa na Nairobi. Palikuwa na mto wa maji baridi, kinamasi, na ng'ombe wa Wamasai.

Kwa hiyo waliokuja kutembea Karen, Ngong na Dagoretti kutoka mbali hawakuwa watalii. Walikuwa watu wa Pangani, Mombasa na Bagamoyo waliokuwa kazini, na Kiswahili kilipita huku kikiwa mdomoni mwao kabla reli haijakileta.

Oktoba 1890 Frederick Lugard alijenga ngome Dagoretti kwa niaba ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, baada ya kuelewana na Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu wa eneo hilo. Maelewano hayakudumu. Askari na wapagazi wa kampuni walipora mashamba, ngome ikahamwa na kuchomwa, na mwaka 1891 ikajengwa nyingine, Fort Smith, huko Kabete. Agosti 1892 Waiyaki alikamatwa baada ya ugomvi ndani ya ngome hiyo, akapelekwa chini ya ulinzi kuelekea pwani. Hakufika. Alifia Kibwezi, akazikwa huko. Leo barabara kubwa inayotoka Westlands kwenda Kangemi, Kabete na Kikuyu inaitwa Waiyaki Way, na kila alfajiri maelfu huteremka kandokando yake kwa miguu. Zamani iliitwa Sclater's Road, kwa jina la Kapteni Sclater, mhandisi wa jeshi aliyechonga barabara ya mikokoteni ya ng'ombe kutoka Kibwezi kwenda Uganda katikati ya miaka ya 1890. Kumwondoa mhandisi na kumweka Waiyaki ni mojawapo ya mabadiliko ya majina ya barabara yaliyostahili kabisa katika jiji hili.

Reli ilifika kwenye kinamasi mwishoni mwa Mei 1899. Mji ukagawanyika kwa udongo kwanza, kisha kwa sheria. Magharibi na kaskazini kuna miinuko yenye udongo mwekundu unaonyonya maji na hewa baridi. Mashariki ni tambarare ya udongo mweusi, ambayo mvua ikinyesha huwa tope tupu. Wazungu walipanda mlima. Siku za mwanzo baadhi yao hata hawakutembea: walivutwa kwa riksho na Waafrika waliokuwa wakikimbia mbele yao.

Kwa Mwafrika, kutembea penyewe kuliwekewa kibali. Sheria ya usajili ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu kila mwanamume aliyetimiza miaka 16 kubeba kipande, karatasi yenye alama za vidole na historia yake ya ajira, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Mtu aliyetoka Dagoretti kwenda kutafuta kazi mjini angeweza kusimamishwa popote, na asingekuwa nacho angepigwa faini au kufungwa. Ndiyo maana Machi 16, 1922 umati uliojaa nje ya kituo cha polisi mjini kudai kuachiliwa kwa Harry Thuku ulikuwa na hasira ya miaka. Kipande kilikuwa miongoni mwa mambo makuu aliyoyapinga. Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewachochea wanaume wasirudi nyuma, alikuwa mmoja wa waliouawa polisi walipofyatua risasi. Mahali hapo, karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi, leo watu hupita mbio wakiwahi matatu.

Hata Arboreti, bustani ya miti inayopendwa sana na wanaotembea kwa starehe, haikuanzishwa kwa ajili ya starehe. Ilipandwa kuanzia 1907 ili kujaribu miti ya kigeni, kwa sababu garimoshi lilikuwa likila kuni na misitu ya asili isingetosha. Mikaratusi na misonobari kutoka mabara mengine ilipandwa kwa majaribio, kando ya ikulu ya gavana wa wakoloni. Leo ni ekari zipatazo 80 zenye mamia ya aina za miti, tumbili wasio na haya, na vikundi vya waombaji wanaosali kwa sauti kubwa tangu asubuhi. Njia zake ni fupi na hazichoshi. Mzee wa miaka 70 huzimaliza bila kutafuta benchi.

Matembezi ya kujifunza nayo yana historia yake. Chama cha historia asilia cha Afrika Mashariki, kilichozaliwa 1909 na ambacho leo kinajulikana kama Nature Kenya, kina desturi moja iliyodumu kwa zaidi ya nusu karne: matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi. Fleur Ng'weno aliyaanzisha mwaka 1971, watu wakikutana Makumbusho ya Taifa na kutoka hapo kwenda popote penye kichaka au mto. Wengi wa wataalamu wa ndege na waongozaji wa watalii nchini walianzia kwenye kundi hilo, wakiwa vijana wasio na darubini.

Lakini vichaka vyenyewe vilikuwa vikipungua. Msitu wa Ngong Road ulipotangazwa hifadhi mwaka 1932 ulikuwa na karibu hekta 2,900. Ukamegwa kidogokidogo kwa shule, uwanja wa mbio za farasi, uwanja wa maonyesho ya kilimo, nyumba, na mwishowe barabara ya Southern Bypass ikaupasua. Zimebaki hekta 1,200 na kidogo.

Mwaka 1989 zamu ilikuwa ya Uhuru Park, bustani iliyofunguliwa na Jomo Kenyatta mwaka 1969 katikati ya jiji na Upper Hill. Gazeti la chama tawala, KANU, lilitaka kujenga hapo jumba la ghorofa 60, na mbele yake sanamu kubwa ya Rais Moi. Profesa Wangari Maathai aliandika barua kwa kila mwenye sikio, ndani na nje ya nchi. Wabunge walimkejeli, shirika lake likafukuzwa katika ofisi za serikali, ila wafadhili walisita na jumba halikujengwa. Wanaopumzika leo kwenye nyasi hizo wakisubiri jua lipoe waitie furaha yao kwenye hesabu ya barua hizo.

Vita vya msitu wa Karura vilikuwa vikali zaidi. Mwaka 1998 ilibainika kwamba sehemu za msitu huo zimegawiwa kimyakimya kwa wajenzi wenye wakubwa nyuma yao. Januari 8, 1999 Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti kwenye lango, wakavamiwa na kundi la walinzi wenye mijeledi na rungu. Alipasuliwa kichwa. Kituoni aliandikisha ripoti na kuitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani, na kabla mwaka haujaisha Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Bado kwa miaka mingi watu waliogopa kuingia msituni kwa sababu ya wakora; ni baada ya uzio kuwekwa na jumuiya ya majirani kushirikiana na Huduma ya Misitu ndipo, kuanzia 2011, familia zilipoanza kumiminika kwenye maporomoko ya maji na mapango.

Vilima vya Ngong vinadai pumzi zaidi. Kilele chake ni mita 2,460, upepo wake umekuwa ukizungusha mitambo ya umeme tangu 1993, na njia ya mgongoni hadi Kona Baridi hupanda na kushuka hadi magoti yanalalamika. Wageni wengi huja kwa sababu ya mwandishi Karen Blixen na kaburi la mpenzi wake, Denys Finch Hatton, aliyezikwa mtelemkoni mwaka 1931. Si vibaya. Ila ukitazama magharibi unaona Bonde la Ufa ambalo wapagazi wa Jumbe Kimameta waliliteremkia, na ambalo sehemu yake Wamasai waliondolewa kwa mkataba wa 1904.

Chini jijini, wanaotembea kwa miguu si wa wikendi. Takribani safari nne katika kila kumi za wakazi wa Nairobi hufanywa kwa miguu: kutoka Kibera kwa kufuata reli hadi Industrial Area, kutoka Kawangware kupitia Lavington hadi Kilimani, kutoka Kangemi hadi Westlands. Wakati wa ujenzi wa barabara ya juu, Nairobi Expressway, mti mkubwa wa mgumo uliosimama kando ya Waiyaki Way uliponea chupuchupu Novemba 2020 kwa amri ya rais, baada ya wananchi kupiga kelele. Hakuna amri kama hiyo iliyotolewa kwa ajili ya vijia vya watembeao.

Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera iliyoahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya ujenzi wa barabara kwa wanaotembea na waendesha baiskeli. Bajeti ya kaunti hujadiliwa na umma kila mwaka. Wewe unayekwenda kazini kwa miguu, hudhuria kikao cha wadi yako na uulize asilimia hiyo iko barabara gani.