Barmen, Azimio la
Azimio la Barmen ni tamko la imani lililotolewa tarehe 29 hadi 31 Mei 1934 mjini Barmen, Ujerumani, na wajumbe wa makanisa ya Kiprotestanti ambao, walipoona Wakristo wenzao wakimtukuza Hitler na taifa lao kana kwamba humo mlikuwa na wahyi mpya, walikiri kwamba Yesu Kristo ndiye Neno pekee la Mungu lipasalo kutiiwa, wakakanusha dai la dola kutawala maisha yote ya mwanadamu. Mwandishi wake mkuu, Karl Barth, alikataa kula kiapo cha utii kwa Hitler pasipo kutia sharti la imani yake, na mwaka 1935 akaachishwa uprofesa huko Bonn. Hata hivyo, azimio hilo tukufu halikuwataja Mayahudi waliokuwa wakidhulumiwa, na kosa hilo, lililo zito, Barth mwenyewe alilikiri baadaye.