Kununua kitu cha wizi: sheria inasema nini?

Pikipiki inaibiwa Beni usiku. Kesho yake inauzwa Butembo, bei ya chini, bila makaratasi. Mnunuzi anasema: « Miye siko mwizi, nilinunua tu. »

Lakini kode penale ya Kongo, ya tarehe 30 januari 1940, iko na kifungu cha 101 kwa mtu anayepokea ao kuficha kitu cha wizi. Kosa hilo linaitwa reseli. Azabu yake inaweza kufika miaka 5 ya gereza, pamoja na faini, ao moja ya hizo. Wizi wa kawaida, kifungu cha 80, nao mwisho wake ni miaka 5.

Yote inategemea kama mnunuzi alijua. Mwamuzi ataangalia bei, makaratasi na namna walivyouziana. Aliyenunua kwa roho safi hana kosa la reseli, lakini mwenye kitu anaweza kukirudishiwa, naye mnunuzi akabaki bila pikipiki wala pesa.

Kabla ya kulipa, omba fakitire na karte roze, linganisha namba ya shasi, na muandike mapatano mbele ya mashahidi. Ukigundua kitu ni cha wizi, usikiuze tena: peleka habari polisi ao parke.