Reli, Mkonge na Ardhi: Nafasi ya Mikese katika Uchumi wa Morogoro

Mchango wa kilimo na maliasili katika uchumi wa Morogoro hupimwa mara nyingi kwa tani zilizosafirishwa. Kipimo hicho hueleza kilichoondoka, lakini hakielezi kilichobaki. Historia ya Mikese, kituo cha Reli ya Kati kilichopo mashariki ya mji wa Morogoro, inadhihirisha tofauti hiyo.

Ujenzi wa reli ulianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907. Tangu hapo thamani ya ardhi ilifuata reli. Mkonge, ulioletwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893, hutoa takriban kilo 4 tu za singa katika kila kilo 100 za majani. Kwa sababu hiyo korona ilijengwa shambani, na shamba likatafutwa karibu na reli. Mashamba makubwa yakaenea katika tambarare za Ngerengere, Kingolwira hadi Kimamba, yakitegemea nguvu za manamba waliotoka mikoa ya mbali.

Vita Kuu ya Kwanza iliipa Mikese kazi nyingine. Baada ya majeshi ya Jenerali Smuts kuiteka Morogoro mwezi Agosti 1916, shehena zilishushwa Mikese na kupelekwa kusini hadi Mto Rufiji. Mvua za mwaka 1917 zilipokwamisha magari, mizigo ilihamia vichwani mwa wapagazi. Reli iliyojengwa kubeba mazao ikawa mlango wa kuchukulia watu.

Milimani, Waluguru waliendelea kulima ardhi ya koo, inayorithiwa kwa upande wa mama. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, uliowalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito na mavuno kwenye matuta yakawa haba. Upinzani ulilipuka mwaka 1955, na mpango ukaachwa.

Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge, wakati ambapo bei ilikuwa imeshuka kwa ushindani wa nyuzi za viwandani. Utajiri uliotegemea zao moja ukapungua. Misitu ya Uluguru, kwa upande wake, imeendelea kuulisha Mto Ruvu, unaoipatia Dar es Salaam maji. Kwa hiyo hesabu ya haki ya uchumi wa Morogoro haina budi kuanza mlimani, kwa wale wanaotunza chanzo, ndipo iteremke stesheni.